Naamka alfajiri kuliinua gari, mume wangu asilikute limelala

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Ikiwa mimi ndiye mkubwa, ihesabu kama salamu ya jirani tu, usihangaike kuirudisha.

Mimi ni mama wa miaka 48, naishi Tanga mjini. Kazi yangu ni mapishi ya shughuli: harusi, hitima, maulidi, hata semina za maofisi. Nilianza na masufuria mawili ya kuazima. Leo nina vijana saba ninaowalipa kila wiki, na Noah ya kubebea vyombo. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, mpole, si msemaji. Watoto wetu wawili wako chuo.

Nianze na sababu ya kununua gari hili, maana wengi wananiona nimeingiwa na wazimu. Nimekulia Muheza. Nikiwa msichana nilikuwa nauza machungwa barabarani. Mabasi yalikuwa yanasimama, malori yanasimama, lakini yale magari makubwa ya vioo vyeusi hayakusimama hata siku moja. Sikuwachukia waliokuwa ndani. Nilikuwa najiuliza tu, humo ndani kukoje? Swali hilo nimekua nalo mpaka nimepata mvi.

Nimeweka akiba miaka tisa, nyingine kwenye kikoba, nyingine benki. Miezi miwili na nusu iliyopita nikalipata Dar es Salaam, kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Jeusi, la mwaka 2012, injini ya petroli ya silinda 8, viti vya ngozi, kila kitu ni kubonyeza. Nililipa milioni 46. Mume wangu alipoona picha kwenye simu aliniuliza swali moja tu: "Unalijua gari, au unalijua umbo lake?" Nikakasirika. Nikamwambia fedha ni zangu. Akasema, "Sawa, hongera." Tangu siku hiyo hajalizungumzia tena.

Wiki tatu za kwanza nilikuwa peponi. Halafu nikapata shughuli Lushoto. Nikawaambia vijana watangulie na Noah, mimi nije nyuma kama mwenye mali. Tulipoanza kupanda kutoka Mombo gari lilikuwa linateleza tu, lakini kabla ya kufika Soni mshale wa joto ukaanza kupanda nao. Nikaegesha, nikazima, nikakaa pale karibu saa nzima. Noah yangu, na masufuria yote ya pilau, ilikuwa imeshafika zamani.

Niliporudi nikampelekea fundi wangu. Huyu mzee ananitengenezea magari mwaka wa 14 sasa. Hana gereji ya kuonyesha watu, ana mwembe na jeki mbili huko Ngamiani, lakini Noah haijawahi kunilaza njiani. Mama yangu alipofariki alilala matangani kwetu siku tatu. Basi akalichungulia gari, akatoa thamostati, akasema nchi ya joto haina haja na kitu hicho. Akajaza maji ya bomba, nikampa 30,000. Joto likatulia. Baada ya siku nne ikawaka taa ya injini, ile ya njano, na mpaka leo haijazimika.

La pili ndilo linaloninyima usingizi, na simaanishi mafumbo. Gari lina shokapu za upepo. Jioni naliegesha limesimama sawasawa; asubuhi nalikuta limeinama mbele kulia, kama ngamia anayetaka kupiga magoti. Likiwashwa linanyanyuka lenyewe taratibu. Hata chini ya turubai linaonekana. Kwa hiyo naamka saa 11 kasorobo alfajiri, kabla mume wangu hajatoka kwenda msikitini, naliwasha dakika tano lisimame, nazima, narudi kitandani kama mwizi. Mchana linakaa na turubai lake la nailoni, mimi napanda bajaji. Naliendesha Jumapili tu, tena si kila Jumapili, ili lisichakae.

Fundi anasema tung'oe shokapu zote nne za upepo tuweke springi za chuma, kazi nzima 1,600,000, nisahau habari hiyo. Mpwa wangu aliyeko Dar amepiga simu gereji moja ya magari haya: shokapu moja mpya ya upepo ni 1,900,000 bila ufundi, na wanataka gari lifike lipimwe kwanza. Iliyotumika, huko Ilala, ni 500,000 bila dhamana. Mpwa anasema mzee wangu ataliua gari. Mzee anasema vijana wa kompyuta hubadilisha spea bila kuujua ugonjwa.

Nimuache mtu wa miaka 14? Niweke springi za chuma? Niuze kabla halijanimaliza? Na mume wangu nimwambie nini? Moyoni nahisi yule aliyeniuzia alinipiga. Tafadhali usinicheke.

Mwenye Gari Linalolala, Tanga

Jibu la Mshauri

Marahaba, na shikamoo vilevile, tugawane.

Sijakucheka, dada yangu. Nilitabasamu mahali pamoja tu, na nitakwambia ni wapi nikifika hapo. Jina la gari nimeliondoa kwenye barua yako, maana yaliyokufika humfika mwenye gari lolote la daraja hilo, liwe la Kijerumani, la Kiingereza, au hata la Kijapani.

Ulichonieleza, kama nimekuelewa, ni hiki. Gari lina matatizo mawili yasiyo ndugu, joto na kulala. Una fundi uliyekula naye chumvi, ambaye safari hii huna hakika kama kazi anaiweza. Una mpwa anayevuta upande mmoja na mzee anayevuta upande mwingine. Na juu ya yote una siri unayoiamkia kila alfajiri. Vyote umevifunga furushi moja, ndiyo maana ni vizito. Niruhusu nivifungue kimoja kimoja, bila kukuamulia, kwa sababu fedha ni zako na nyumba ni yako.

Nianze na joto, kwa sababu ndilo linaloweza kuua injini.

Thamostati ni kidude kidogo chenye nta ndani. Injini ikiwa baridi kinafunga njia ya maji yasiende kwenye rejeta. Nta ikipata joto inavimba na kufungua njia. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuishikilia hapo, na joto hilo ni lilelile iwe Tanga au Ulaya. Kwenye magari ya zamani ukikitoa hutaona tofauti kubwa, na ndiyo maana mafundi wetu wengi wamezoea kukitoa, kwa nia njema kabisa. Lakini gari lako lina kompyuta inayohesabu injini ichukue dakika ngapi kupata joto. Isipopata, inaendelea kumwaga petroli nyingi kana kwamba ni asubuhi, na baada ya mizunguko kadhaa inawasha taa ya njano. Siku nne ulizozitaja zinaniingia akilini. Sisemi ndiyo sababu, maana taa ile ina sababu nyingi mno. Nasema kabla hujamhukumu yule aliyekuuzia, fikiria kwamba huenda taa hii imezaliwa chini ya mwembe wa Ngamiani.

Kulijua hilo si ghali. Chini ya usukani kuna tundu la pini 16. Magari ya petroli yanayouzwa Marekani yamekuwa nalo kwa lazima tangu 1996, na ya Ulaya tangu 2001. Fundi umeme wa magari yeyote mwenye mashine atalisoma hapo hapo Tanga, huna haja ya kusafiri. Mwambie akuandikie namba ya kosa kwenye karatasi kabla hajafuta chochote. Ila elewa kwamba mashine ndogo za bei rahisi husoma injini tu. Makosa ya shokapu za upepo na ya gia boksi yanataka mashine inayoielewa aina ya gari lako.

Sasa swali ambalo hakuna aliyeliuliza: kwa nini mshale ulipanda kule Soni? Wakati ule thamostati ilikuwa ndani. Yawezekana yenyewe ndiyo ilikuwa imekwama, na hapo mzee atakuwa amepatia nusu. Yawezekana pia maji yanavuja mahali. Injini hizi zina mabomba na viungo vya plastiki ambavyo baada ya miaka kumi na zaidi ya joto huwa vikavu kama ganda la karanga, na huvuja kidogo kidogo, tone linakauka juu ya chuma cha moto kabla halijagusa ardhi. Pampu ya maji nayo huchoka, na rejeta huziba kwa vumbi na wadudu. Kutoa thamostati kumenyamazisha dalili, ugonjwa unaweza kuwa bado umelala humo. Ulifanya vyema sana kusimama na kuzima. Wapo waliosema "nimekaribia, nifike tu," wakafika na injini iliyopinda.

Na hayo maji ya bomba, dada. Kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, si rangi wala biashara tupu. Inazuia kutu ndani ya injini ya alumini na inachelewesha maji kuchemka. Kwa kawaida huchanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyoondolewa madini. Maji ya bomba yana madini yanayoganda humo ndani kama ukoko kwenye sufuria, na ya kisima cha pwani yana chumvi, ambayo ni mbaya zaidi. Rangi isikudanganye pia: mbili za rangi moja zinaweza kuwa za aina tofauti, na zikichanganywa vibaya huganda kama uji. Aina inayotakiwa imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Mpaka mfumo huo usafishwe na ujazwe ipasavyo, mimi nisingepanda Lushoto nalo.

Tuje kwenye ngamia.

Shokapu ya upepo ni mfuko wa mpira uliojazwa hewa na kompresa ndogo. Mpira ule hukunjwa na kukunjuliwa kila gari linapopita shimo, na baada ya miaka huota nyufa kwenye mikunjo. Gari linaloinama kona moja usiku kwa kawaida linavuja kona hiyo. Lakini pavujapo panaweza kuwa kwenye mpira, au kwenye kiungo cha mrija, au kwenye valvu inayogawa hewa. Hayo ni matengenezo ya bei tofauti kabisa, na katika barua yako sikuona mtu aliyepaangalia. Mzee anataka kung'oa zote nne, gereji inataja bei ya mpya, Ilala inataja bei ya iliyotumika, na ugonjwa wenyewe haujapimwa na yeyote kati yao.

Kitu kimoja hakiwezi kusubiri. Mtu yeyote asiingie chini ya gari hilo likiwa limeshikwa na jeki tu. Gari la upepo linaweza kushuka bila taarifa. Mwambie mzee wako leo, kwa simu. Jeki mbili chini ya mwembe zinatosha Noah, hapa hazitoshi. Panatakiwa stendi za chuma, kila mara.

Wazo lake la springi za chuma si la kishamba. Zipo springi zinazotengenezwa rasmi kwa kuondoa upepo kwenye magari haya, na wenye magari wengi duniani wamefanya hivyo wakaondokana na kulala kwa gari na kuungua kwa kompresa. Faida unaiona: 1,600,000 kwa zote nne, dhidi ya 1,900,000 kwa moja tu. Hasara zake ni hizi. Kompyuta itaendelea kuutafuta upepo na itawasha taa nyingine mpaka ielekezwe upya. Gari litapoteza uwezo wa kupanda na kushuka, na ule ulaini uliokupeleka peponi wiki tatu. Siku ya kuuza, mnunuzi atalihesabu kuwa pungufu. Kwa hiyo usimuulize mzee kama inawezekana, muulize springi hizo zimetoka gari gani. Zikiwa zimetengenezwa kwa uzito wa gari lako, hayo ni mazungumzo. Zikiwa za gari jingine, zimekatwa kidogo ziingie, gari la zaidi ya tani mbili litakuja kukujibu kwenye kona siku ya mvua. Za Ilala nazo ni mpira uliozeeka kama wa kwako, tofauti ni kwamba umezeekea kwa mwingine. Labda utapata mwaka, labda wiki.

Wakati unafikiri, jua kwamba kompresa inafanya kazi kila alfajiri kuliinua. Haikuumbwa kwa hilo. Ikiungua utakuwa na bili mbili.

Hapo ndipo nataka kukuuliza kwa upole juu ya neno ulilotumia: "ili lisichakae." Umeliweka gari kama sahani za harusi, kabatini, likitoka mara moja kwa wiki. Naielewa nia. Ila gari halitunziki hivyo. Kuliwasha dakika tano na kuzima kunakula betri kuliko kunavyoijaza, na gari lenye kompyuta nyingi betri ikilegea linaanza kuwasha taa za uongo huku na huku. Injini isiyopata joto hukusanya unyevu na petroli ndani ya oili, na yako sasa haina hata thamostati. Turubai la nailoni linafungia hewa ya bahari ndani, diski za breki zinashika kutu. Na panya, dada yangu, panya wanapenda sana gari lisilosogea! Kama joto likishatengemaa, safari mbili tatu za nusu saa kwa wiki zingelifaa kuliko turubai. Kivuli cha bati na hewa inayopita vinatosha.

Oili yake iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu, namba zote, si unene tu. Watengenezaji huruhusu kilomita nyingi sana kati ya oili na oili. Mafundi wengi wa nchi za joto, hasa kwa safari fupi kama zako, huzishusha mpaka kwenye 8,000 au 10,000, na mimi niko upande wao. Gia boksi usikubali ukiambiwa oili yake ni ya maisha. ZF, Wajerumani wanaotengeneza gia boksi za magari mengi ya daraja hili, wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka 8. Kazi hiyo inapimwa oili ikiwa kwenye joto maalumu, kwa hiyo si ya kukisia. Tairi nazo zichungulie ubavuni: kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa mfano 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kama gari lako linaendeshwa na magurudumu yote manne muda wote, tairi zinapaswa kufanana ukubwa na uchakavu, la sivyo mitambo ya katikati inateseka kimyakimya.

Kuhusu mzee wako. Unahofia kumvunjia heshima. Umemuuliza? Barua yako ndefu lakini sikuona mahali ulipoketi naye. Mimi nimewahi kukaa sana na mafundi wa aina yake, na nakuhakikishia wapo wanaolala macho kwa gari la mteja wasilolielewa, ila hawasemi, kwa sababu mteja naye hasemi. Inawezekana "tung'oe zote" ni namna yake ya kusema "hiki sikijui." Unaweza kumwambia, "Mzee, hili linataka mashine ambayo hatuna, twende tukapimishe pamoja, wewe uwe macho yangu." Akifurahi, umepata mtu wa kukutafsiria maneno ya gereji. Anaweza pia kuumia, siwezi kukuficha hilo. Na gereji nyingine hazitaki fundi wa nje asimame karibu. Noah inabaki yake hata hivyo, na kwenye gari hili pia zipo kazi anazoziweza kabisa akiletewa spea sahihi: oili, breki, vichujio. Spea hizo ziagizwe kwa namba ya chasisi, ile ya herufi na tarakimu 17, maana gari la mwaka mmoja linaweza kuwa na breki za aina mbili.

Mpwa wako ana nusu ya ukweli, mzee ana nusu nyingine. Ni kweli gari hili halitengenezeki bila kompyuta. Ni kweli pia kwamba kompyuta husema imeona nini, haisemi nani mkosaji. Kijana asiyefikiri atabadilisha sensa tatu wakati kosa ni mrija uliopasuka. Ukichagua Dar es Salaam, fikiria gari libebwe, maana ni kilomita zaidi ya 300 na joto halijapata jibu. Omba walipime tu na wakupe karatasi, ulipie kipimo, uondoke nayo. Waambie waigawe: kinachoweza kuua injini au mtu, kinachotakiwa mwaka huu, na kinachoweza kusubiri. Hatari ya safari hiyo ni orodha itakayokutoa machozi. Gari la mwaka 2012 likipimwa lote haliwezi kukosa kasoro ishirini, na si zote ni za kutengeneza.

Kuuza nako ni njia halali, na haimaanishi umeshindwa. Ila leo, taa ikiwaka na kona moja chini, utapewa bei ya huruma, na mnunuzi anastahili kuambiwa ukweli ambao wewe unahisi hukuambiwa. Huyo muuzaji, kwa njia, sijui. Huenda alijua kuhusu upepo. Huenda lilikuwa linashuka taratibu kiasi kwamba kwake lilichukua wiki kuonekana. Ulilikagua na nani kabla ya kulipa? Sikuulizi kukulaumu. Nauliza kwa sababu kama jibu ni "hakuna," basi hasira uliyonayo kwake huenda sehemu yake ni yako mwenyewe, na ya namna hiyo haiishi kwa kuuza gari.

Hukunieleza pia baada ya milioni 46 kilibaki nini. Magari haya yana kiini macho kimoja: bei yake hushuka mwaka hadi mwaka mpaka inafika mikononi mwetu, lakini spea, oili na tairi zake zimebaki kule kule kwa mwenye nacho aliyelinunua jipya. Wewe unapika shughuli za watu 500, unajua kupiga hesabu ya mchele, mafuta, kuni na vijana kabla ya kutaja bei. Lipigie hesabu hiyo hiyo. Biashara inaweza kutenga kiasi gani kwa mwezi bila vijana saba kukosa wiki yao? Ukishaipata namba hiyo, swali la springi au upepo, kutunza au kuuza, litakuwa jepesi zaidi kuliko lilivyo sasa.

Nimefika nilipotabasamu. Unaamka saa 11 kasorobo, unawasha injini ya silinda 8 dirishani pa chumba cha kulala, unaiacha dakika tano, unarudi kitandani. Na mwalimu wa watu, mwenye usingizi wa kuamkia swala, hajasikia? Dada yangu. Wiki hizi zote! Mimi naona yuko macho anakusubiri. Hajui aanzie wapi, kwa sababu mara ya mwisho alipouliza kitu juu ya gari hili aliambiwa fedha si zake.

Lile swali lake nimelisoma mara nyingi. Uliona kejeli, na huenda ilikuwamo, wewe ndiye unayeijua sauti yake. Lakini lisome tena kama limetoka kwa mwalimu. Siku hiyo ulilijua umbo, tangu Muheza. Gari lenyewe ndiyo kwanza unaanza kulijua, na si aibu. Kumwambia kuna gharama yake: anaweza kusema "nilikwambia," na neno hilo huuma hata likisemwa kwa upole. Kutomwambia nako unaijua gharama yake, unailipa kila alfajiri.

Ikiwa utaona inafaa, Jumamosi moja liache lilale mpaka kuche vizuri. Mpate chai. Kisha liwashe linyanyuke, kata usukani mpaka mwisho ili ule mpira uonekane vizuri kutoka pembeni, halafu zima. Asiingie mtu chini, wala mkono usipite kati ya tairi na bodi. Utahitaji chupa ya kupulizia yenye maji na sabuni kidogo, unapulizia kwenye mikunjo na kwenye kiungo cha mrija huku unatafuta mapovu. Ndani mle pana giza. Mtu mmoja hawezi kushika chupa, kuangalia mapovu na kushika tochi.